Mkalimani wa Mama

Kazi ya mkalimani kanisani haina mshahara wala cheo, lakini ina utamu wake, na mimi niliupenda ule utamu kuliko nilivyompenda Mungu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia bure.

Kanisa letu liko huku Kola, Ukambani. Ibada huendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu ya walimu na wauguzi waliohamishiwa huku kutoka mbali, na kwa sababu wahubiri wageni wakija hawajui lugha nyingine ya kutufikia. Lakini viti vya mbele, upande wa kushoto, ni vya akina mama wazee, na Kiswahili chao kinaishia sokoni, pale pa kuuliza bei ya nyanya. Ni kwa ajili yao mkalimani anasimama kando ya mhubiri. Mhubiri anasema sentensi moja, mkalimani anaigeuza kwa Kikamba, mhubiri anaendelea. Nilianza nikiwa msichana wa sekondari, na hadi mwaka ninaousimulia nilikuwa nimevuka arobaini.

Sheria ya kazi ni moja. Mhubiri akisema mimi, nawe useme mimi. Huruhusiwi kusema "anasema kwamba yeye." Kwa Kikamba, mimi ni nyie, na wageni waliotoka pwani hushtuka sana, maana kwao nyie ni ninyi, wakadhani nawatwika waumini dhambi zote za mhubiri. Kwa mdomo huu nimewahi kuwa mlevi, mwizi wa ng'ombe na mume mwenye wake watatu. Mhubiri akisema "Mimi nililala mtaroni," nami nasema nyie nililala mtaroni, na akina mama wananitazama kwa huruma ya kweli, ingawa wananijua tangu nikiwa na kamasi.

Nilikuwa hodari, sitajifanya sikuwa. Mhubiri akija baridi, mimi nilimpasha moto. Akisema jambo la kawaida, mimi nililiwekea chumvi likatoka na ladha. Watu waliniambia baada ya ibada kwamba leo wamebarikiwa, nami nikajibu utukufu ni kwa Bwana, huku moyoni nikichukua sehemu yangu, tena ile kubwa.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alifariki zamani, na ndoa yangu ilivunjika nikarudi na cherehani yangu, ninashona sare za shule hapo barazani. Mimi ni binti wa pili, kwa hiyo nilipewa jina la nyanya, yule aliyemzaa mama, na kwa desturi yetu mama akawa haniiti kwa jina. Ananiita Mwaitu, yaani mama yangu. Nami namwita Mwaitu kwa sababu ndiye aliyenizaa. Mtu mgeni akitusikia tukiitana hivyo kutoka jikoni hadi uani anaweza kudhani tumerukwa na akili. Lakini kwa mama haikuwa mzaha. Kuna mambo ambayo akiambiwa na mimi huyapokea kama yametoka kwa marehemu nyanya, hata kama ni jambo la kumwambia avae sweta.

Mama ana sukari, ile ya kudungwa sindano. Hatuna friji, kwa hiyo chupa za dawa tunazifunga kwenye nailoni na kuziweka ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga unyevu. Asubuhi na jioni namdunga. Kabla ya sindano ninaomba maombi mafupi, haraka haraka, maana cherehani inaningoja.

Mwaka huo kanisa lilialika mhubiri kutoka Nairobi kwa mkutano wa siku tatu. Alikuwa kijana mzuri, mnyenyekevu, lakini aliongea mbio kiasi kwamba sentensi ya pili ilianza kabla sijamaliza ya kwanza. Siku ya kwanza nilitoka jasho. Siku ya pili nikagundua dawa yake: kufupisha. Akisema maneno kumi, mimi nasema manne yenye nguvu, na tunaenda pamoja. Watu walisimama. Akina mama wa mbele walipiga vigelegele. Siku ya tatu, Jumapili, akahubiri juu ya uponyaji, nami nilikuwa nimeshika moto hata siwezi kukumbuka nilisema nini. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo. Maneno yanapita mdomoni kama maji kwenye bomba, na bomba halibaki na kitu.

Jumapili usiku nilirudi kutoka mkutanoni nikamkuta mama amelala; Jumatatu asubuhi nilimpelekea sindano. Akavuta leso akafunika mkono.

"Aiee, Mwaitu," akasema. Yaani hapana. "Hayo yameisha."

"Yapi yameisha?"

"Dawa. Si ulisema jana tuache dawa?"

Nilicheka. Nikamwambia ni yule mhubiri aliyesema, mimi nilikuwa natafsiri tu. Mama akanitazama kama mtu anayengoja mtoto amalize upuuzi.

"Mhubiri sikumsikia," akasema. "Anaongea lugha yenu. Mimi nilikusikia wewe. Ulisimama pale mbele, ukanitazama, ukasema acheni dawa. Nami nikasema amina, na kitu cha moto kikanipita hapa." Akajigusa kifua.

Ningepaswa kubishana naye siku hiyo hiyo hadi koo likauke. Sikubishana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halinipendezi. Nilifurahi. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisimama mbele nikisema Mungu ameponya fulani wa mji fulani, watu nisiowajua, na sasa huenda ameponya mtu wa nyumba yangu, tena kwa mdomo wangu. Nikarudisha chupa chunguni. Nikajiambia tungoje siku mbili tatu, tuone.

Wiki ya kwanza mama alikuwa mtu mpya. Alifua blanketi na kupalilia mahindi huku akiimba. Wiki ya pili alianza kupungua, na tukalisoma hilo vibaya wote wawili. Kwa miaka mingi muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia apunguze uzito, na sasa sketi zilikuwa zinamvuka kiunoni. "Ona," akaniambia, "nimekuwa mwepesi kama msichana." Nikazipunguza zile sketi kwa cherehani yangu mwenyewe. Nilishona mishono miwili kila upande, na baada ya siku chache nikashona mingine.

Jumapili ya pili baada ya mkutano akasimama kutoa ushuhuda. Mama yangu hakuwa amewahi kusimama kanisani kusema kitu, si kwenye harusi wala matanga. Alishika kiti cha mbele, akaongea kwa Kikamba, na kwa sababu walimu walihitaji kuelewa, mimi ndiye niliyesimama kando yake kugeuza kwa Kiswahili. Sheria ni ile ile. Nikasema, "Mimi nilikuwa mgonjwa. Mimi nimepona. Sidungwi tena." Watu wakashangilia. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na pumzi hiyo ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Niliisikia, na muuguzi alikuwa ametuonya kuhusu harufu hiyo. Nikaendelea kutafsiri.

Kisha ikaja kiu. Alikuwa akimaliza jagi la maji na kuomba jingine, na njia ya chooni ikawa ndiyo shamba lake. Siku moja jembe likamgusa kidole cha mguu, kidonda kidogo tu, cha kufunga kitambaa na kusahau. Hakikupona. Kikageuka rangi. Nilimsihi twende zahanati, akasema Mungu haanzi kazi akaiachia njiani. Nikampigia muuguzi simu kwa siri nikiwa nyuma ya choo.

"Ati ameacha sindano tangu lini?" muuguzi akauliza. Nikamwambia. "Dada, wewe uko na akili kweli? Huyo mama atakufa. Si nakutisha, nakuambia vile iko. Nani alimwambia aache dawa?"

"Kuna mhubiri alikuja," nikasema.

Nilisema hivyo, na kila aliyeniuliza nilimwambia hivyo hivyo. Nilianza hata kumchukia yule kijana wa Nairobi. Nilitunga maneno makali ya kumwandikia. Na kwa kuwa nilitaka kumnukuu sawasawa, asije akayakana, nikaenda kwenye kundi la kanisa kwenye simu, ambako mtu alikuwa ametuma sauti ya mahubiri yote. Niliketi kwenye cherehani, nikaisogeza mbele hadi nikapafikia.

Sauti yake inasikika vizuri. Anasema, "Mama, usiweke tumaini lako lote kwa dawa. Kunywa dawa yako, lakini tumaini weka kwa Yesu, kwa sababu hata hiyo dawa ni mtumishi wake." Alisema yote hayo kwa pumzi moja, mbio mbio. Na mara inakuja sauti yangu, kubwa kuliko yake, yenye moto, kwa Kikamba, kwa maneno mawili: acheni dawa.

Nikairudisha. Nikairudisha tena. Nilitaka nipate mahali nimesema yale mengine, hata kwa haraka, hata kwa kumeza maneno. Hayapo. Baada ya yale mawili kuna vigelegele, na yeye tayari yuko kwenye sentensi nyingine. Hakuna aliyegundua kwa sababu wanaojua Kiswahili husikiliza Kiswahili, wakati wangu wanautumia kutafuta mstari kwenye Biblia, na wasiojua hawana la kulinganisha. Kati yao na mhubiri nilikuwepo mimi tu, na nilikuwa na haraka.

Niliinuka na ile simu mkononi. Kisha nikaingia kwa mama nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu, na kumwekea sauti asikie.

Alisikiliza kwa adabu. Kiswahili cha kijana kikampita. Yangu akayasikia, akatabasamu.

"Si ndio hayo," akasema. "Sauti ni yako."

"Mwaitu, nilikosea! Yeye hakusema hivyo!"

"Labda yeye hakusema. Labda Roho aliona yeye hajasema sawasawa, akasema kupitia kwako." Akanishika kichwa kama anayempa mtoto baraka. "Ulipokuwa pale mbele hukuogopa. Sasa uko nyumbani, umeona mguu wangu, mwili wako umeogopa. Nisikie ya mwili kwa nini?"

Sijui kama kuna mtu anaelewa nilivyokata tamaa saa ile. Nilikuwa nimepewa mamlaka juu ya maisha ya mama yangu, na hayo mamlaka yalifanya kazi mahali pamoja tu, pale mbele, nikiwa nasema maneno ya mtu mwingine. Nikiongea yangu mwenyewe, nilikuwa binti muoga tu.

Nikaenda kwa pasta wa kanisa letu. Alikuja siku hiyo hiyo, akamwambia mama kwa Kikamba safi arudie dawa. Mama akampikia chai ya maziwa, akaitikia kila neno, akamsindikiza hadi langoni akichechemea. Aliporudi akasema, "Kijana mzuri. Amesoma sana." Na mkono akaufunika.

Nilimwomba pasta ruhusa niseme Jumapili mbele ya watu. Alisita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafikiria kanisa.

"Dada, ukisimama useme uligeuza neno vibaya, watu watauliza ni mangapi mengine uligeuza," akasema. "Hiyo miaka yote. Ngoja nitafundisha hiyo maneno polepole, mwezi ujao hivi."

"Mwezi ujao nitakuwa nazika, pasta."

Aliniambia tuombe, tukaomba, na maombi yake yalikuwa marefu na mazuri na sikuweza kusema amina.

Siku zile nilijaribu kuomba peke yangu. Nimetafsiri maombi elfu ya watu wengine, maombi ya kutikisa mabati, na nilipofunga mlango nikapiga magoti sikuwa na hata sentensi moja. Kila nilichoanza kilikuwa cha mhubiri fulani. Nilianza na "Ewe Mungu wa majeshi," nikaona aibu, nikanyamaza. Nilimkasirikia Mungu pia, niandike hilo. Nilimwambia kama alinisikia nikiharibu, angenikaba koo pale pale. Alikuwa na nafasi.

Jumapili ya nne tulitumia karibu saa nzima kufika kanisani, mwendo ambao kwa kawaida ni wa dakika kumi na tano. Mama alikataa bodaboda. Alisema aliyepona anatembea. Alikuwa amevaa kiatu kimoja na kandambili moja, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Akaketi pale pake, mbele kushoto.

Pasta alihubiri juu ya mambo ya shukrani. Nilitafsiri vizuri, polepole. Kisha akasema, "Mimi namshukuru Mungu kwa afya." Nami nikafungua mdomo nikasema, "Nyie," nikakwama hapo.

Nikaanza upya. Nikasema kwa Kikamba kwamba huyu nyie sasa si pasta. Ni mimi, binti wa huyu mama. Nikasema kwamba siku ya mkutano mhubiri alisema tunywe dawa na tumaini tuweke kwa Yesu. Nikasema mimi niliyaacha hayo kwa sababu nilikuwa na haraka na nilipenda vigelegele. Nikasema Roho hakusema acheni dawa, nilisema mimi.

Akina mama wazee walinikazia macho. Nyuma yao watu wote walimgeukia pasta, wakingoja, maana walikuwa wamesikia Kikamba kabla ya Kiswahili na mambo yamepinduka. Ndipo pasta, nadhani kwa mazoea tu, maana mtu akiongea pale mbele lazima mwingine ageuze, akasogea kando yangu, akakohoa na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini:

"Mimi nilikosea. Mimi nilimwambia mama yangu aache dawa. Mungu hakusema."

Alifuata sheria. Alisema mimi. Nikaendelea na yeye akaendelea, sentensi kwa sentensi, mpaka nikamaliza. Tangu hapo hakufupisha kitu. Mwalimu mmoja mwanamke alikuwa analia. Mama hakuniangalia hata mara moja. Aliangalia mikono yake, imelala mapajani, viganja juu, vile alivyoiweka ile siku ya mkutano akipokea.

Kurudi alikubali bodaboda bila neno. Nyumbani akaketi kitandani. Nilikaa sakafuni karibu na ule mguu wake, na hakuna aliyewasha redio wala jiko.

"Kwa hiyo sikupona," akasema.

Ningempa nini, nisiseme lile jibu? Nilijua njia kumi za kulizunguka, kwa lugha mbili.

"Hukupona, Mwaitu."

"Nilisimama mbele ya watu."

"Ulisimama."

"Na wewe ukiwa hapo kando." Hakuwa ananigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anapanga mambo yalivyotokea. Machozi yalimtoka bila sauti, na alikuwa mkavu kiasi kwamba yalikuwa machozi mawili matatu tu. "Wiki nne hizi nilikuwa mzima," akasema. "Nilikuwa naamka nikiwa mtu ambaye Mungu amemwona."

Nikainuka, nikatafuta simu.

Nilimpigia muuguzi. Akasema nimdunge ile ya kawaida kutoka chupa mpya ambayo haijafunguliwa, kisha nimlete zahanati saa ile ile, yeye anatafuta gari la kumpeleka hospitali Machakos. Nikavuta dawa. Nikaipima mara mbili. Mama akaitoa leso begani yeye mwenyewe na kuniwekea mkono mapajani pangu. Ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine.

Nilipotaka kudunga akauvuta.

"Hujaomba," akasema.

Nikafumba macho, nikavuta pumzi kuanza yale yangu ya siku zote.

"Mwaitu," akanikatiza. "Omba polepole. Nataka kusikia kila neno, na usiruke kitu."

Nikaomba polepole. Nilisema mama yangu ni mgonjwa, na mguu wake unaoza, na mimi ndiye niliyefanya hivyo, na tunaogopa. Hayo ndiyo yote yaliyokuwepo. Nikangoja.

"Amina," akasema mama, akaleta mkono.